Chuo Ambacho Mtoto Asiende: Wazazi Wanakataa Nini Hasa?

Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai, na kabla mwanafunzi hajamaliza kuyasoma kwenye simu, ndugu huwa wamekwisha kuanza kumpangia mahali pa kwenda na, kwa sauti kubwa zaidi, mahali pa kutokwenda. Mwaka ambao binti wa dada yangu alimaliza tahasusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, nilikaa jioni nzima sebuleni kwao Morogoro nikisikiliza vyuo vikikatwa kimoja baada ya kingine. Baba yake alikataa chuo kimoja kwa kuwa kiliwahi kufungiwa. Mama yake mkubwa akakataa kingine kwa kuwa mtoto wa jirani alidisko pale, yaani aliondolewa masomoni kwa kushindwa mitihani ya mwaka wa kwanza. Babu yake alikuwa na neno moja tu, kwamba vyuo vya binafsi ni biashara. Dada yangu alikataa cha Dar es Salaam, na alipoulizwa sababu alijibu, "Dar hapana," akaishia hapo. Kufikia saa tatu usiku binti alikuwa ameandika majina ya vyuo sita kwenye daftari lake na kuyafuta yote sita. Akanigeukia: "Mjomba, sasa niende wapi?"

Nimefundisha kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi, na mazungumzo ya namna hiyo nimeyasikia kwa wazazi wa kila hali. Siyadharau hata kidogo, kwa sababu mzazi anayesema "usiende pale" mara nyingi ameona jambo kwa macho yake, au ameuza shamba ili kumlipia mtoto ambaye hakumaliza. Tatizo ni kwamba neno "epuka" hubeba mambo manne au matano yasiyofanana. Sebuleni kwa dada yangu kulikuwa na hoja ya sheria, hoja ya ubora wa ufundishaji, hoja ya umiliki na hoja ya usalama wa binti, na zote zilitolewa kwa maneno yaleyale, kana kwamba zinapimwa kwa kipimo kimoja. Zikichambuliwa moja moja, nyingine hubaki zikiwa na uzito mkubwa na nyingine hubainika kuwa ni kumbukumbu za zamani tu.

Hoja ya sheria ndiyo nyepesi kuliko zote, na inasikitisha kuona familia zinapoteza fedha kwa kutoifuatilia. Vyuo vikuu nchini husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Vyuo vinavyotoa astashahada na stashahada, vile ambavyo watu wengi huviita vyuo vya kati, husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, ambalo wazazi wengi bado wanaliita NACTE. Kila mwaka vyombo hivi viwili hutoa mwongozo wa udahili unaopatikana bure mtandaoni, unaoonyesha kila chuo kilichoruhusiwa, kozi zake, sifa za kuingilia, muda wa masomo na idadi ya wanafunzi wanaoweza kupokewa. Chuo kisichokuwemo humo hakihitaji mjadala wa familia, hata kama kina jengo la ghorofa na mabango yake yamejaa stendi nzima. Vilevile kozi isiyokuwemo haina mjadala, hata kama chuo chenyewe kimo, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa.

Baba wa binti alisema chuo kile kiliwahi kufungiwa, na alisema kweli. Julai 2017, baada ya uhakiki wa ubora, TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18, na ikazuia pia kozi kadhaa katika vyuo vingine ambavyo vyenyewe viliendelea kudahili. Habari ile ilitikisa nchi, na majina ya vyuo vile yamebaki vichwani mwa wazazi hadi leo. Lakini kuzuiwa kudahili si sawa na kufutiwa usajili. Chuo kilichozuiwa hutakiwa kurekebisha upungufu uliobainika, uwe ni wa wahadhiri wenye sifa, wa maabara au wa uendeshaji. Kikirekebisha hukaguliwa tena na kuruhusiwa, na wanafunzi waliokwisha kuwamo kabla ya zuio huendelea na masomo yao. Baadhi ya vyuo vya orodha ile vimerudi kudahili, vingine havikurudi kamwe. Kwa hiyo onyo la namna hii lina tarehe, na mzazi anayelitoa miaka mingi baadaye bila kuangalia mwongozo wa mwaka huu anaweza kuwa anamnyima mtoto chuo kilichokwisha kunyooshwa. Anaweza pia, kwa kosa hilohilo, kumpeleka katika chuo ambacho mwaka ule hakikutajwa lakini sasa kina zuio.

Hoja ya babu, ya umma na binafsi, ina historia inayostahili kuelezwa kwa utulivu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kikawa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970. Hadi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipoanzishwa Morogoro mwaka 1984, kusema "chuo kikuu" nchini kulikuwa ni kusema Mlimani, jina ambalo watu hukiita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzazi au babu aliyesoma miaka ile alikua akijua mlango mmoja tu, uliopitiwa na wachache sana, na kila kilichokuja baadaye hukipima kwa mlango ule. Ndiyo maana wapo wanaokiona Chuo Kikuu Mzumbe kuwa bado ni chuo cha mafunzo ya uongozi kama kilivyokuwa kabla ya kupandishwa hadhi, au wanaomwambia mtoto asiende Mkwawa, Iringa, kwa kuwa wao wanaijua kama shule, ilhali tangu mwaka 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyuo vikuu vya binafsi viliruhusiwa kuanzia miaka ya 1990, na baadhi yake, hasa vya mashirika ya dini, vimejenga hospitali na idara zinazoheshimika. Sikatai kwamba vipo vilivyoanzishwa kwa haraka ya ada. Ninachosema ni kwamba umiliki peke yake hautoi jibu.

Ushahidi wa hilo ni wa uchungu. Mei 2016, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kurudi nyumbani baada ya masomo yao kusimama, kisha Serikali ikaanza kuchambua upya sifa zao za kuingilia. Baadhi walihamishiwa vyuo vya ualimu, baadhi wakaachwa nje. Chuo kilikuwa cha umma, kikubwa, kinachotambuliwa kwa kila hali, na shahada zake nyingine ziliendelea bila tatizo. Wazazi wa watoto wale walikuwa wamefanya kila ambacho familia huambiwa kifanyike, yaani walichagua chuo cha Serikali. Hatari haikuwa katika jina la chuo. Ilikuwa katika kozi mpya iliyowekwa nje ya utaratibu uliozoeleka, yenye sifa zake maalumu na wanafunzi wengi mno kwa mara moja. Tangu mwaka ule nimekuwa nikiwaambia wazazi waache kwanza kuuliza "chuo gani?" na waulize "kozi gani, imeanza lini, wangapi wamekwisha kuimaliza, na waliomaliza wamesajiliwa na nani?"

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo halisikiki sebuleni, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Taaluma nyingi zina mlango wa pili baada ya mahafali. Tabibu na daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mhasibu hukutana na mitihani ya bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, NBAA. Anayetaka kuwa wakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Law School. Mwaka 2022 matokeo ya taasisi hiyo yalizua mjadala wa kitaifa: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu kwa mkupuo wa kwanza walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 walishindwa kabisa. Wote hao walikuwa na shahada ya sheria mkononi, na walitoka vyuo vya umma na vya binafsi. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza, na watu wakagawanyika, baadhi wakilaumu taasisi yenyewe na wengine wakilaumu vyuo vilivyowaandaa wanafunzi. Mimi nimebaki na picha ya wazazi 265 waliolipa ada miaka mitatu au minne wakiamini kwamba shahada ndiyo mwisho wa safari.

Mama mkubwa alizungumzia kudisko, na hoja yake inahitaji uangalifu zaidi kwa sababu inaweza kugeuzwa upande wowote. Chuo kinachoondoa wanafunzi wengi huitwa chuo cha kufelisha, na chuo ambacho hakuna anayeondolewa husemwa kwamba kinagawa alama kama njugu. Nimewasikia wazazi wakikataa vyote viwili ndani ya dakika kumi. Mtoto mmoja wa jirani hawezi kutupa jibu, kwa sababu hatujui kama alishindwa kwa kukosa mwalimu wa somo, kwa kucheleweshewa bumu, yaani fedha ya kujikimu itokanayo na mkopo, akawa anafanya vibarua badala ya kuingia darasani, au kwa uzembe wake. Kinachofaa kuulizwa ni hiki: kati ya walioanza kozi ile kwa pamoja, wangapi wako mwaka wa pili, na walioanguka wameanguka somo gani? Ikiwa nusu ya darasa ina sapu, yaani mtihani wa kurudia, katika somo moja kila mwaka, basi kuna jambo kuhusu somo lile, na wanafunzi wa pale wanalijua vizuri. Wataeleza wakiulizwa kwa heshima.

Nimeiacha hoja ya dada yangu hadi sasa kwa sababu ndiyo niliyoielewa kwa shida zaidi. Mwanzoni nilidhani "Dar hapana" ni woga wa kawaida wa mzazi wa mkoani. Baadaye, tulipobaki wawili jikoni, alinieleza. Mabweni ya chuo kile hayatoshi, wasichana wengi hupanga magheto mbali na chuo, na vipindi vingine huisha usiku. Kisha akasema jambo ambalo wazazi wengi wa mabinti hulijua na hawalitamki mbele ya wanaume wa nyumba: "Kaka, na wale walimu wanaotaka wasichana ili wawape alama, je?" Sikuwa na haki ya kumwambia anazidisha. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU yenyewe imekwisha kulitafiti tatizo hili katika vyuo vikuu vya umma nchini. Hakuna mkoa wala mmiliki anayeweza kudai kwamba halimhusu.

Lakini hofu hii ikibaki katika sura ya jina la mji, haimlindi binti. Binti anayezuiwa kwenda Dar anaweza kupelekwa mji mdogo ambako ghetto ni karibu lakini hakuna hata dawati la jinsia wala mtu wa kupokea malalamiko, na mhadhiri mmoja ndiye anayefundisha, kutunga na kusahihisha mtihani wa somo zima. Hoja ya dada yangu ikiwekwa wazi huwa maswali yanayojibika: bweni lina nafasi ngapi kwa mwaka wa kwanza, taa za njiani zinawaka, mtihani husahihishwa na nani na je, hupitiwa na mtu wa nje, na mwanafunzi akiombwa asichopaswa kutoa anakwenda mlango gani. Nilimwomba ayaseme maneno hayo mbele ya mumewe na mbele ya binti mwenyewe. Aliyasema, na binti alisikiliza kwa makini kuliko alivyosikiliza jambo lolote jioni ile.

Hofu ya migomo, ambayo wazee bado wanaitaja, naipita haraka. Ina msingi: Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400 walifukuzwa kwa kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1990 Mlimani palifungwa kwa miezi kadhaa. Kijana aliyerudishwa nyumbani wakati ule leo ni babu, na anachosema kinatoka moyoni. Ila kwa mwanafunzi wa sasa, kinachochelewesha kumaliza ni ada isiyolipwa kwa wakati kuliko mgomo.

Na ada ina mambo yake. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutolewa kwa wanafunzi wa vyuo vya umma na vya binafsi vyenye ithibati, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 imefika pia kwa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele, zikiwemo za afya. Mkopo huo hulipwa: sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Mzazi anayekataa chuo kwa kuwa ni ghali yuko sahihi kufanya hesabu, mradi hesabu hiyo iwe ya miaka yote ya kozi, pamoja na michango, vitendo, sare na chakula, badala ya ada ya muhula wa kwanza iliyoandikwa kwa wino mkubwa kwenye kipeperushi.

Kuhusu ajira, wazazi huamini kwamba jina la chuo ndilo linalompa mtu kazi. Katika utumishi wa umma jambo haliko hivyo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huhitaji mwombaji awe na shahada au stashahada kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, na baada ya hapo waombaji wote huketi kwenye usaili wa maandishi, wa Mlimani na wa chuo ambacho babu hajawahi kukisikia. Kwa waajiri binafsi jina lina uzito kiasi, lakini nilivyoona kwa wanafunzi wangu wa zamani, wengi walibakizwa pale walipofanyia mafunzo kwa vitendo, kwa sababu kuna mtu aliyewaona wakifanya kazi. Chuo chenye makubaliano na hospitali, kiwanda au halmashauri humfungulia mwanafunzi mlango huo, na chuo kinachomwambia mwanafunzi ajitafutie mwenyewe humwacha akizunguka na barua mkononi.

Alama za binti wa dada yangu hazikutosha udaktari, na mwenyewe alichagua stashahada ya utabibu, ambayo huchukua miaka mitatu. Tulikubaliana tusibishane tena bila kwenda kuona. Chuo cha kwanza kilikuwa kile ambacho ndugu wote walikisifu, kwa kuwa kiko karibu, kimepakwa rangi vizuri na hakuna aliyewahi kusikia baya lake. Usajili wake ulikuwa sawa. Tuliomba kuona chumba cha mafunzo ya vitendo, na baada ya kusubiri ufunguo kwa karibu saa nzima tulifunguliwa. Sanamu ya mgonjwa ya kufanyia mazoezi ilikuwa imelala kitandani ndani ya nailoni yake ya kiwandani, haijafunuliwa, na juu ya nailoni kulikuwa na vumbi ambalo binti aliligusa kwa kidole na kuacha mstari. Kabatini kulikuwa na hadubini mbili kwa wanafunzi zaidi ya mia moja. Mkufunzi aliyetutembeza alikuwa mpole na mkweli, akasema wengine wanakuja kwa vipindi wakitokea hospitalini. Nje ya geti, kwa mama lishe, wanafunzi wawili wa mwaka wa pili walituambia kwamba hawajawahi kupangiwa wodini.

Chuo cha pili kilikuwa kile alichokikataa baba yake. Majengo yake ni ya zamani na bati la bweni limeshika kutu. Tulikuta wanafunzi wamezunguka meza wakijifunza kushona kidonda kwenye kipande cha sponji, wakirudia mshono uleule mpaka mkufunzi aridhike, na ukutani palibandikwa ratiba ya zamu za hospitali ya wilaya ikiwa na jina la kila mwanafunzi. Binti aliuliza kuhusu bweni na kuhusu mlango wa malalamiko, akaonyeshwa ofisi na kutajiwa mama anayekaa hapo. Dada yangu alikwenda mwenyewe kumsalimia, akakaa huko muda mrefu.

Shemeji yangu hakusema neno hadi tulipofika ofisi ya mkuu wa chuo. Hapo aliuliza waziwazi ni kwa nini walizuiwa kudahili mwaka ule. Mkuu wa chuo hakukasirika. Alieleza kwamba walikuwa na upungufu wa wakufunzi, akatoa faili na kumpa barua ya kuruhusiwa kudahili tena. Shemeji aliisoma amesimama, akarudi juu kuitafuta tarehe, akaisoma mara ya pili, kisha akauliza kama anaweza kupewa nakala.